Pembe Niliyoikunja

Timbwani, kuamkia safari yako

Karisa, baba,

Mkoba wako nimeufunga na kuufungua hata zipu imeanza kulalamika, nikaona heri nikae mbali nao kabla sijaanza kukunja upya mashati yaliyokwisha kukunjwa. Sitakuandikia habari za kula wala za kulala. Mbu wa Kisumu hawana jipya la kumfundisha mtu wa Likoni. Habari za mabasi na wezi nimemwachia baba yako, ambaye yuko zamu Changamwe na atakungoja ng'ambo asubuhi ukishuka feri. Yeye nasaha hizo anazipenda, na mtu asinyang'anywe furaha yake.

Langu ni jingine, na kwa mdomo limenishinda. Tangu juzi kila nikikuita ili nilitoe, linatoka swali la soksi. Umeona mwenyewe jinsi nilivyokuuliza habari za soksi, hata ukacheka ukasema huko unakoenda huendi vitani. Nilikuwa sitafuti soksi, mwanangu. Nilikuwa natafuta ujasiri.

Ni habari ya yule dada. Unamjua ni nani. Jina lake silitaji humu, na sababu utaikuta mbele. Tangu siku ile, sisi watu watatu tunaokula sinia moja hatujamzungumzia. Wewe unaamini kwamba ni wewe uliyemvunjia nyumba, wewe na mashine yako juu ya meza yetu ya kulia chakula. Nami nimekuacha uamini hivyo muda wote huu. Si kweli. Ama niseme, si kweli yote, na sehemu iliyobaki ni yangu. Sitaki uanze kushika kumbukumbu za wagonjwa wa watu ukiwa umebeba mzigo wa mamako bila kujua.

Wajua kazi yangu ni dirisha. Daktari yuko ndani na vipimo vyake, nesi yuko na sindano zake, mimi niko dirishani na kadi. Mgonjwa wa zahanati yetu hukutana na mimi kabla ya kukutana na mtu mwingine yeyote, na mimi ndiye wa mwisho kumwambia nenda salama. Humtazama mtu anavyoegemea ule ubao wa dirisha, nikajua kama amekuja na homa au amekuja na siri. Mwenye homa huegemea kwa kiwiko. Mwenye siri huegemea kwa kifua, aje karibu, na sauti anaiacha nyuma.

Wa namna hiyo nikimwuliza namba ya simu hunipa, kisha huongeza pole pole, "Lakini usipige." Kwa sababu namba si yake. Ni ya mume, au ya wifi, au ya duka la jirani. Huku kwetu simu ilikuwa ya nyumba kabla ya kuwa ya mtu, na kwa wengi hadi leo ni hivyo. Inapolia huipokea aliye karibu nayo. Ujumbe ukiingia, husomwa na mtoto anayejua kusoma, tena kwa sauti, ili nyanya yake asikie.

Mtu akiniambia usipige, ningeandika nini? Kadi zile hupita mikononi mwa nesi, mwa mwanafunzi wa mazoezi, hata mwa yule anayepiga deki. Kuandika "usipige" ni sawa na kuandika "huyu ana la kuficha". Kwa hivyo sikuandika. Nilikuwa naikunja pembe ya kadi, ya juu, upande wa kushoto, kidogo tu, mbele ya macho yake ili aone. Nikimwambia, hapa mimi nimeelewa, na mwingine hataelewa. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza siku moja kwa mama mmoja aliyekuwa akitetemeka, nikaona ametulia, nikaendelea. Miaka yote hiyo sikuwahi kumpigia mtu wa kadi iliyokunjwa. Nilijivunia jambo hilo kuliko unavyodhani. Wengine wana vyeti ukutani, mimi nilikuwa na zile pembe.

Sasa njoo kwenye meza yetu.

Ulikuwa umerudi kutoka chuoni, kazi hakuna, na Daktari alikuwa amechoka kutafuta kadi zilizopotea. Akaniuliza kama yule kijana wangu wa kompyuta anaweza kumtengenezea kitu. Ukaja na ile mashine yako yenye betri iliyokufa, isiyoishi bila kuchomekwa ukutani, ukaiweka pale ninapokatia sukuma wiki, na tangu siku hiyo sukuma nikawa naikatia mapajani. Ukaniambia umewasha seva. Nilidhani seva ni nyumba yenye mitambo na baridi kali, kule kwa wakubwa. Ukacheka. Ukasema hii ni seva ya kujaribia, iko humuhumu ndani ya mashine, mashine inauliza na mashine ileile inajibu, na mtu wa nje akibisha hodi hasikiki. Nikakwambia mtu anayejiuliza na kujijibu mwenyewe hupelekwa kwa mchungaji akaombewe. Lakini nilikuwa najidai, Karisa. Nilipopita nyuma yako na kuona kwenye kioo jina la zahanati yetu, nilikuwa najidai kupita kiasi.

Ulibuni wagonjwa wako wa kwanza ukiwa mezani kwenye chai. Mzee Kikombe. Bi Sahani. Mtoto Kijiko, ambaye ulimwandikia tarehe ya kuzaliwa ya mwaka unaokuja, uone kama mashine itamkataa. Haikumkataa, ukakesha ukiirekebisha hadi ikamkataa. Uliniomba nikusaidie kubuni wengine, watu wengi, wa kila namna, kwani ulisema mashine ya kujaribia hulishwa watu wa kujaribia. Maneno yako ni hayo, nayakumbuka kama yalivyo.

Nami nilikujibu nini? Nilikuambia wagonjwa wako hawaumwi. Nilisema Mzee Kikombe hana presha inayopanda mwisho wa mwezi, Bi Sahani hajasahau dawa kwa shangazi yake, na kama unataka kumridhisha Daktari, weka watu. Ukasema, "Mama, watu wa kweli bado. Mpaka iwe imekomaa." Nikaona unanichelewesha. Mimi ni mtu wa haraka, hilo unalijua. Chai huinywa kabla haijapoa na ulimi ukaungua kila siku ya Mungu. Nikakurushia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukanyamaza, kwa kuwa umelelewa, na kwa kuwa aliyekulea ni mimi.

Kesho yake nikazileta kadi nyumbani ndani ya kikapu, chini ya mchicha. Daktari hakujua. Hilo nalo ulikuwa unalijua, ukanitazama, nami nikakutazama kwa lile jicho.

Huo ni mwanzo tu wa kosa langu. Sehemu unayoijua imeishia hapo. Sasa sikiliza usiyoijua.

Tulikuwa tumeketi, wewe ukiandika mimi nikikusomea. Ukashika kadi moja, ukaigeuza, ukashika nyingine. Kisha ukaniuliza, na ulikuwa unaniuliza kama anavyouliza fundi, si kama mtoto, "Mama, hizi zilizokunjwa pembe zina maana gani?"

Nikasema, "Hazina maana. Ni uchakavu tu. Zinyooshe."

Nawe ukazinyoosha. Uliziweka juu ya meza moja moja, ukazipitishia kiganja, zikakaa sawa. Mimi nikitazama.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Sikuwa nimesahau. Mtu hasahau kazi ya mikono yake. Niliogopa, mwanangu, na hofu yenyewe ilijifanya uaminifu. Wale ni dada na mama wa mtaa huu. Wengine ndugu zao unacheza nao mpira pale uwanjani. Nikaona nikikwambia maana ya pembe, nitakuwa nimewafunua wote kwa mara moja, mbele ya kijana wa kiume, juu ya meza yenye makombo. Nilikuwa nimewaahidi kwamba mwingine hataelewa. Basi nikailinda ahadi. Niliilinda kwa kukudanganya wewe, na ndivyo ilivyovunjika.

Kumbe ningeweza kukwambia usimpigie, bila kusema kwa nini. Ni maneno machache hayo. Ungetengeneza mahali pake katika mashine, alama ndogo isiyo na sababu, na wewe usingeuliza zaidi kwa kuwa si mtu wa kuchungulia. Siku hizi nikiosha vyombo hulisema lile jibu ambalo ningekupa. Nalisema kwa sauti kabisa. Baba yako anadhani naimba.

Siku ya ujumbe unaikumbuka kuliko mimi, kwa hivyo nitaipitia kwa haraka. Ulikuwa umeichomekea mashine kile kijimodemu chenye laini, ujaribu kuwakumbusha watu siku zao za kliniki. Ulikuwa umeiamrisha kwamba kila ujumbe, wa mtu yeyote, uje kwangu. Jioni nzima simu yangu ndogo ya tochi, ile mulika mwizi, ilikuwa inalia: Mzee Kikombe, kumbuka kliniki. Bi Sahani, njoo na dawa zako. Nilicheka hadi jirani akauliza kuna nini. Halafu stima zikapotea, mashine ikazima. Zikarudi, ukaiwasha, seva ikaamka yenyewe kama ulivyokuwa umeifunza, nawe ukaenda kuoga. Ile amri ya kuleta kila kitu kwangu ulikuwa umeipa kwa wakati ule tu, hukuiandika mahali pa kudumu. Ilikufa na stima. Mashine iliamka ikidhani iko kazini kweli.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilichokitambua ni kwamba simu yangu imenyamaza, nikashukuru.

Asubuhi yake watu walikuja dirishani wakitusifu. Mzee mmoja alisema zahanati imeendelea, sasa inawaita watu kwa majina. Wengi walifurahi, na hilo hatulisemi, lakini ni kweli. Ule mtambo wako ulifanya kazi vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa bado, nilikuwa natabasamu kama mjinga, mpaka alipokuja yeye.

Hakuegemea ubao. Alisimama mbali kidogo, ana mfuko wa nguo. Namba ile ilikuwa ya mama mkwe wake. Ujumbe ulisomwa na mtoto, kwa sauti, watu wakiwa wamekaa kula: jina lake, kliniki yake, siku ya kliniki hiyo, na kila mtu mtaani anajua siku ile ni ya kliniki gani. Dawa zake zikatafutwa, zikapatikana ndani ya kopo la unga. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliniuliza jambo moja.

"Mama Karisa, si ulikunja mbele yangu?"

Alingoja kidogo, akaondoka. Mtoto wake wa kiume alibaki kwa wakwe, kwa kuwa walisema hawezi kulelewa na mtu kama yule.

Adhuhuri Daktari alituita ofisini. Alikuwa amekasirika kwa haki. Aliuliza nani alizitoa kadi, na nani aliwaingiza watu wa kweli kwenye mashine ya majaribio. Nilikuwa nimesimama karibu na mizani ya watoto. Nakumbuka nilikuwa naitazama sindano ya ile mizani, iko kwenye sifuri, nikawa nangoja isogee. Wewe ukasema, "Ni mimi, Daktari. Kila kitu ni mimi."

Nami sikufungua kinywa.

Ulidhani unaniokoa kazi yangu, najua. Uliiokoa. Bado niko dirishani kwa ajili ya maneno yako yale, na wewe ukafukuzwa kama mwizi, ukaenda na baba yako Changamwe kupakia magunia boharini. Mchuma janga hula na wa kwao, husemwa. Lakini mimi nilikuachia sahani nzima ule peke yako, na kila jioni ukirudi na vumbi la saruji kichwani nilikuwa nakupa maji ya kuoga na kukuuliza habari za kazi.

Ulifuta kila kitu kwenye mashine mbele yangu, mpaka Mzee Kikombe. Hukuigusa tena hadi mwaka ukapita.

Nisingeandika barua hii kama si siku ile hao watu wa Kisumu walipokuhoji kwenye kompyuta. Ulifunga mlango wa sebuleni ukasahau kwamba ukuta wetu ni wa mbao. Nilikuwa jikoni nasonga sima. Nikasikia wamekuuliza kosa kubwa ulilowahi kufanya. Wengine hujibu maswali hayo kwa kujipaka mafuta, wanasema kosa langu ni kufanya kazi mno. Wewe ukawaeleza lote. Ukasema uliweka data ya watu wa kweli mahali pa majaribio, ukasema mwanamke mmoja alipoteza nyumba na mtoto. Ukasema, "Nilikosea mimi." Hukumtaja mama. Hukutaja hata kwamba palikuwa na mtu mwingine mezani.

Nilisimama na mwiko mkononi hadi sima ikashika chini. Hiyo ndiyo sima iliyoungua, ukala na kusema ni tamu. Nilikuwa na mlango mmoja tu wa kufungua, wa mbao, usio na kitasa, na sikuufungua. Ndipo nilipojua kwamba mimi si mtu aliyekosea siku moja. Nilikuwa nakosea kila siku.

Kwa hivyo wiki hii nilikwenda kumtafuta. Nilishawahi kwenda mara moja zamani, nikaachwa langoni. Safari hii sikubeba zawadi. Mahali sikutajii, nilivuka, nikapanda gari, nikashuka, yatosha. Nilimkuta anachambua mchele barazani. Hakuniambia karibu wala hakuniambia nenda. Nikakaa kwenye ngazi, nikampa yote kama nilivyokupa wewe hapa: kikapu, mchicha, ulivyoniuliza, nilivyokujibu, ulivyozinyoosha.

Alichambua mchele kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hivyo kijana hakujua?"

Nikasema hakujua. Aliuliza, nikamdanganya.

Akasema, "Mimi nimekuwa nikimwombea mabaya kila nikiswali. Wallahi, kila swala." Akatupa vijiwe vya mchele uani. "Basi nimemwachia. Mwambie nimemwachia."

Nikangoja. Mimi ni mtu mzima lakini nilikuwa nimekaa pale kama mtoto anayengoja zamu yake. Akanitazama, tena si kwa ubaya, akasema, "Wewe, Mama Karisa, bado."

Nimekuletea neno lake kama lilivyo, langu na lako, bila kupunguza. Dawa anakunywa, anazichukua mahali pengine, na mwili anao. Mtoto humwona sikukuu, akipelekwa na shangazi yake, na hurudishwa kabla ya magharibi. Hilo halijatengenea na sijui kama litatengenea. Nilimwomba ruhusa ya kukuandikia. Akanikubalia, akaweka sharti: jina lake lisiwemo, wala anapokaa, wala anachofanya. Alisema barua nayo ni kama ule ujumbe, hujui itasomwa na nani kwa sauti. Ndiyo sababu umesoma mpaka hapa hujamkuta kwa jina.

Sasa nisikilize kidogo, kisha ulale.

Ile amri iliyokufa na stima ni yako. Sikuondolei, maana ungejua ningekuwa nakudanganya tena. Jambo la kulinda watu haliachwi likining'inia kwa wakati tu, na ulijifunza hilo kwa njia mbaya. Beba hilo, ni lako na linakutosha. Lakini watu wa kweli kuingia mezani ni mimi. Pembe ni mimi. Kunyamaza karibu na mizani ni mimi. Hayo yatoe mkobani mwako kabla hujaanza kazi. Baba yako nitamweleza akirudi kutoka kukusindikiza, na Daktari nitamweleza keshokutwa, nikifungua dirisha. Yakitokea ya kutokea, yatakuwa yametokea kwa mwenyewe. Wewe usinipigie simu kunizuia.

Huko unakoenda watakupa zahanati ambazo hujawahi kuziona, majina yatakayokuja kwako yakiwa yamepangwa vizuri kwenye mistari, yamenyooka kabisa. Kabla hujaamini unyoofu huo, mtafute anayekaa dirishani. Kila zahanati ina wake. Mtazame anavyofanya kazi, si anavyosema, maana kuna mambo ambayo mtu wa dirishani hayaandiki popote: nani anaitwa kwa jina na nani anaitwa kwa kutazamwa tu, kadi gani inawekwa chini ya nyingine. Mwulize. Na akikujibu kwamba hiyo haina maana, ni uchakavu tu, usimkasirikie, na usimwamini pia. Kaa naye. Mletee chai. Mwambie hutaki kujua kwa nini, unataka kujua tu asiyetakiwa kupigiwa. Huenda huyo naye ana kijana nyumbani.

Na yule Mzee Kikombe mfufue, uende naye. Mimi nilimdharau kwa kuwa haumwi. Sasa naona hiyo ndiyo ilikuwa faida yake kubwa. Mashine ikikosea mara elfu, hakuna atakayemfukuza kwake. Nimekubunia na wenzake kadhaa wakati nikikupigia nguo pasi: yuko Bwana Mwiko, ana presha na hapendi kuambiwa, yuko Bi Kawa, anatumia simu ya jirani na hataki apigiwe. Huyo wa pili mwingize wa kwanza kabisa, kila mahali utakapofanya kazi, uone mashine itamfanyaje. Ikimpigia, bado haijakomaa.

Nakupenda, Karisa. Nimeona niliandike, kwani huku kwetu tunalisema kwa wali na maji ya kuoga, na mtu anaweza kufika mbali bila kulisikia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukivunja kitu unakuja kuniambia kabla sijauliza. Nilidhani ni mimi niliyekufundisha. Ningekuwa ni mimi, ningekuwa najua kufanya hivyo mwenyewe.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wako, pale penye soksi, kwa kuwa najua hutazitafuta mpaka uwe umefika. Uisome ukiwa peke yako. Pembe yake ya juu, upande wa kushoto, nimeikunja.

Usiinyooshe.

Mamako